Viriba vya Mikunjo Miwili

Mpelelezi hakuwa mtu wa kiti. Tangu saa mbili asubuhi askari wa zamu alikuwa amemsogezea viti vitatu, na vyote vitatu aliviegemea tu kwa mkono. Sasa alikuwa akizunguka ndani ya chumba kidogo cha mahojiano, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, na mtuhumiwa aliyeketi mezani alikuwa amechoka kugeuza shingo kumfuata.

“Dada, utatoboa sakafu,” mtuhumiwa alisema.

“Nijibu, nami nitasimama.”

“Si nimekujibu maswali yote?”

“Yote kasoro moja.”

Hilo lilikuwa kweli. Mtu huyu, msimamizi wa kitalu cha miche kilichokuwa ng'ambo ya barabara kuu, hakuwa mgumu wa kujibu. Ndiyo, ufunguo pekee wa stoo ya dawa alikuwa nao yeye. Ndiyo, pipa la dawa ya kuua magugu lilioza kwa kutu miezi minne iliyopita, likavuja nyuma ya stoo. Ndiyo, alionekana alfajiri akimwagia miche maji meusi kwa kopo. Na ndiyo, aligombana na mdogo wake wa kike, ambaye ndiye mwenye kitalu, akamwambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba bora kitalu kizima king'olewe. Wiki moja baadaye miche ilianza kujikunja na kufa.

Lakini alipoulizwa ule udongo wenye sumu uliochimbwa nyuma ya stoo ulikwenda wapi, alifunga mdomo kama mlango wa ofisi ya serikali saa tisa na nusu.

“Andikeni mnavyotaka,” alisema tena.

“Mdogo wako anakuja saa kumi jioni kutia saini maelezo yake. Akishatia saini, kesho unapandishwa kizimbani. Utashtakiwa kwa kuiba udongo wenye sumu na kuharibu mali kwa makusudi. Unajua ni miaka mingapi?”

“Nimeambiwa.”

“Na huna la kusema?”

Msimamizi alitazama mikono yake. “Mama anakula?”

“Mama yenu?”

“Asipokula presha inapanda. Mwambieni mdogo wangu ahakikishe mama anakula.”

Mpelelezi alisimama. Mtu aliye mbioni kwenda jela ana mambo mengi ya kuuliza, na huyu alikuwa ameuliza hilo moja. Akaishika mikono ya msimamizi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kucha zilikuwa nyeusi hadi kwenye nyama. Akazinusa. Ofisini kwake, ofisi ya mazingira, walimwita Pua kwa tabia hiyo, na wakubwa walikuwa wamemwandikia barua mbili kumkanya asinuse vitu asivyovijua.

“Mkaa,” alisema.

“Nilikuwa nawasha jiko.”

“Mkaa wa jiko hauingii kwenye kucha namna hii. Huu umeusaga.”

Msimamizi alivuta mikono yake, akaificha chini ya meza.

* * *

Saa tano na robo gari la ofisi liliingia kitaluni. Fundi wa maabara, mwanamume mwembamba aliyelalamikia mgongo wake hata akiwa amelala, aliteremsha keekee ya kutobolea udongo na sanduku la makopo.

“Mashimo tulishatoboa,” alisema. “Thelathini na sita. Kila hatua tano shimo, kila shimo vina vitatu, kila kina glavu mpya. Kama unataka mengine, tafuta mtu mwingine mwenye kiuno.”

“Nionyeshe maharage kwanza.”

Fundi alifungua sanduku. Ndani ya kila kopo kulikuwa na udongo kutoka shimo moja na mharage mmoja uliopandwa siku kumi na moja zilizopita. Ilikuwa njia ya zamani, rahisi kuliko mashine, na mpelelezi aliipenda kwa sababu mharage hauna sababu ya kudanganya. Palipo na dawa ya magugu, majani hujikunja. Katika makopo yale thelathini na sita, maharage yote yalikuwa yamesimama wima na majani yamefunguka vizuri.

“Ardhi ya kitalu ni safi,” fundi alisema. “Hata nyuma ya stoo tulikochimba, safi. Sasa tazama haya.”

Alitoa makopo mengine kumi, yaliyojazwa udongo kutoka ndani ya viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki ya kuoteshea miche. Sita yalikuwa na maharage mazima. Manne yalikuwa na maharage yaliyojisokota, majani yamekunjwa ngumi.

“Sumu haiko ardhini. Iko kwenye viriba,” mpelelezi alisema.

“Na si vyote.”

“Na si vyote. Ile karatasi ya dampo ilisemaje?”

Fundi alipekua faili. Ule udongo wa nyuma ya stoo, toroli ishirini, ulichimbwa na ofisi yao, ukarundikwa kando ya ua, ukafunikwa turubai. Gari maalumu lilichelewa wiki tatu, kisha likaja, likapakia, likapeleka kwenye dampo la sumu. Wapokeaji wa dampo waliupima, na majibu yao yalikaa mezani kwa mtu miezi mitatu kabla hayajatumwa.

“Udongo mwekundu,” fundi alisoma. “Changarawe. Vipande vya matofali. Dawa haikuonekana.”

“Tulichimba udongo wa rangi gani?”

“Mweusi tii. Ule wenyewe wa kitaluni.” Fundi alikuna kichwa. “Kwa hiyo tulikodi gari la sumu kusafirisha kifusi.”

Mwenye kitalu alikuwa akija upande wao kwa hatua za haraka, simu mkononi, uso umekunjamana. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mvua siku ya jua.

“Mnapima tena? Wateja wakiona gari lenu hapo getini wanageuza. Si mmeshampata yule?”

“Yule kaka yako?”

“Msiniambie kaka. Kaka gani anasimama mbele ya vibarua wangu anasema kitalu king'olewe? Nikamuuliza kwa nini, hasemi. Kesho yake namkuta anamwagia miche maji meusi saa kumi na mbili asubuhi. Nikamuuliza ni nini, hasemi. Saa kumi nakwenda kutia saini, basi.” Sauti ilimpasuka kidogo pale mwisho, akakohoa kuifunika. Alikuwa na uchungu, na uchungu ulimtoka kama hasira.

“Anauliza kama mama anakula,” mpelelezi alisema.

Mwenye kitalu alirudisha macho kwenye simu.

Mpelelezi alikuwa ameshaondoka. Alipita kati ya matuta akiinama, akiinuka, akishika kiriba hiki, akiacha kile. Kilichomsumbua tangu siku ya kwanza kilikuwa mpangilio wa vifo. Mtu mwenye nia mbaya akimwaga sumu, hufa sehemu nzima, tuta zima au kona nzima. Hapa mche mmoja ulikuwa umekufa kabisa na jirani yake, uliogusana nao mabega, ulikuwa mzima na mnene. Ugomvi gani huo unaochagua?

Alichukua viriba viwili, cha mche uliokufa na cha mche mzima, akaviweka juu ya ukingo wa saruji. Akavitazama kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana. Kisha akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa akijaza viriba karibu na bomba la maji.

“Dada, samahani. Mdomo wa kiriba hiki umekunjwa nje mara moja. Hiki umekunjwa mara mbili. Kwa nini?”

Mjaza viriba alicheka. “Kila mtu na mkono wake, dada. Huo mkunjo mmoja ni wangu. Ukikuta kisichokunjwa kabisa, ni cha yule pale, mvivu wa kutupwa. Sisi hata gizani tunajuana.”

“Na mikunjo miwili?”

Mwanamke aliacha kucheka. Alitazama kiriba, akatazama mche uliokufa ndani yake, kisha akatazama upande wa bosi wake.

“Mikunjo miwili ni ya mama,” mwenye kitalu alijibu kutoka nyuma. “Bibi Chekeche. Hakuna mwingine hapa mwenye subira hiyo.” Alilisema kwa fahari, na fahari ilikuwa bado usoni mwake wakati mpelelezi aliposhika glavu na kumwambia fundi waanze kuhesabu.

Walihesabu saa nzima. Fundi alilalamika tuta la kwanza na la pili, na kuanzia la tatu alinyamaza. Miche iliyokufa ilikuwa mia nne na kumi na miwili. Yote ilikuwa katika viriba vya mikunjo miwili. Hawakupata hata mmoja uliokufa katika kiriba cha mkunjo mmoja, wala katika kiriba cha yule mvivu.

“Lakini hii ya mikunjo miwili mbona mizima?” fundi aliuliza kwenye tuta la mwisho.

Mpelelezi alipiga magoti. Miche ilikuwa imejikunja majani ya chini, lakini juu ilikuwa imetoa majani mapya, madogo, yaliyonyooka. Udongo wake ulikuwa na utando mweusi. Aliusugua kwa kidole cha glavu.

“Mkaa uliosagwa. Mpango wetu wa kusafisha unasema nini kuhusu mkaa?”

“Ukurasa wa tisa. Mkaa uliosagwa ukichanganywa na maji hunyonya dawa ya magugu.” Fundi alinyanyua kichwa. “Nakala ya mpango tulimpa msimamizi mwenyewe.”

“Mtu anayetaka kuua miche haiponyeshi alfajiri kwa kujificha.”

“Kwa hiyo alijua sumu iko wapi.”

“Alijua iko kwenye viriba vya nani.”

Alirudi kwa mjaza viriba, safari hii mbiombio, akaonyesha choo kipya kilichokuwa kando ya ua. “Choo kile kipya kilichimbwa lini?”

“Wakati ule ule wa turubai, dada.”

“Udongo wa shimo ulikuwa wa rangi gani?”

“Mwekundu. Na vipande vya matofali, maana palikuwa na ukuta wa zamani.”

“Ulikwenda wapi?”

Mwanamke alijifuta mikono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. “Bibi alisema tuuache, ataufanyia kazi.”

* * *

Bibi Chekeche alikuwa nyuma ya banda, chini ya wavu wa kivuli, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chekeche lake la waya mwembamba lilikwenda kushoto na kulia, na udongo uliodondoka chini yake ulikuwa laini kama unga. Yeye ndiye aliyekianzisha kitalu hiki kwa miche kumi na mikebe ya maziwa, na ingawa binti yake sasa ndiye mwenye saini, hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

“Wewe ndiye usiyeketi,” alimwambia mpelelezi. “Nimekuona tangu ulipofika. Umekuwa kuku anayetafuta pa kutagia.”

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Kama huketi, shika upande huu tuchekeche wote.”

Mpelelezi alishika upande wa pili wa chekeche. Akaiona mikono ya bibi kwa karibu. Kati ya vidole ngozi ilikuwa nyekundu, imebanduka vipande vipande.

“Mikono imepata nini?”

“Uzee.”

“Tangu lini?”

“Miezi mitatu, minne. Kijana wangu ananipaka mafuta kila jioni, ananuna kama vile yeye ndiye anayeumwa.” Bibi alisimamisha chekeche. “Binti yangu anasema amesafiri kufuata mbegu. Siku mbili sasa. Amesafiri kweli?”

Mwenye kitalu alikuwa amefika. Alisimama pembeni ya banda na fundi nyuma yake. Alitazama chini.

“Nitakujibu, bibi,” mpelelezi alisema. “Nijibu na wewe kwanza. Udongo uliokuwa chini ya turubai, pale kwenye ua, uliufanya nini?”

“Nilichofanya ni kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya.” Bibi hakuwa na wasiwasi hata chembe. “Udongo mweusi, mzuri, toroli ishirini, mtu anaufunika anangoja gari la takataka! Kila asubuhi kabla jua halijachoma nilibeba toroli moja huku, nikarudisha toroli moja ya kifusi cha choo. Gari likaja likachukua kifusi. Kila mtu akapata haki yake.”

“Kulikuwa na kibao kwenye turubai.”

“Nilikisoma, tena bila miwani. UDONGO WA KUTUPWA. Mwanangu, nina miaka ishirini na saba hapa sijatupa udongo hata kijiko. Mche ukifa, udongo unarudi kwenye lundo. Vibarua wote nimewafunza hivyo. Sasa nani ananiandikia mimi kibao cha kutupa?”

“Haukunuka?”

“Ulinuka kidogo. Mbolea nayo si inanuka?”

“Mama,” mwenye kitalu alisema. Alikuwa ameshika nguzo ya banda. “Mama, ule udongo ulikuwa na sumu. Pipa la dawa lilivuja.”

Chekeche lilibaki hewani. Bibi alimtazama binti yake, akamtazama mpelelezi, kisha akatazama matuta yaliyokauka kule mbele, tuta moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu watoto baada ya ajali.

“Mlijua?”

“Tulijua.”

“Wote?”

“Tulisema tusikwambie. Kwa sababu ya presha yako.”

“Na kaka yako yuko wapi?”

Mwenye kitalu alimgeukia mpelelezi. Mpelelezi ndiye aliyejibu. “Yuko kituoni, bibi. Anashukiwa kuiba ule udongo na kuua miche. Hataki kusema ulikwenda wapi. Alijua ukisikia utaumia, kwa hiyo ameamua kulibeba kosa yeye.”

“Kwa hiyo mwanangu amelala kwa askari siku mbili kwa ajili ya presha yangu.” Bibi aliweka chekeche chini, polepole, likiwa bado na udongo. “Nileteeni viatu.”

“Mama, kwanza hospitali, hiyo mikono...”

“Viatu!”

Mwenye kitalu alikimbia. Mpelelezi alimgeukia fundi wa maabara, ambaye kwa dakika nzima alikuwa akichunguza ncha za buti zake kwa bidii.

“Kibao cha sumu kinaandikwa SUMU. Kuna fuvu na mifupa miwili. Nani aliandika UDONGO WA KUTUPWA?”

“Mimi.”

“Kwa nini?”

“Mwenye kitalu aliniomba. Alisema neno sumu litafukuza wateja. Nikaona ni wiki moja tu, na turubai limefungwa.” Fundi alimeza mate. “Lakini sikuamua peke yangu. Nililiomba kwa barua, ofisi ikapitisha.”

“Nani ofisini?”

Fundi alilowesha kidole, akapekua. Alimpa faili, limefunguliwa ukurasa wa kumi na nne. Mpelelezi alisoma ombi la kubadili maandishi ya kibao. Chini yake palikuwa na neno moja, Sawa, na herufi mbili zilizoandikwa kwa haraka, zimelala upande, kalamu ikiwa inakimbilia kwingine. Aliikumbuka siku hiyo. Zililetwa karatasi arobaini, na yeye alizipitisha zote akiwa wima, mlangoni, ufunguo wa gari mkononi.

Zilikuwa herufi zake.

* * *

Walifika kituoni saa kumi kasoro dakika nane. Askari wa zamu alikuwa ameshaandaa maelezo na kalamu juu ya kaunta. Bibi Chekeche aliingia mbele, viatu vya kanisani miguuni, akaweka mikono yake yote miwili juu ya karatasi ile.

“Andika,” alisema. “Udongo niliuchukua mimi. Mwachie mwanangu.”

“Mama?” Sauti ilitoka kwenye korido ya mahabusu. “Mama, nani amekuleta? Afande, msimsikilize, ni mtu mzima, amechanganyikiwa. Ni mimi!”

“Wewe nyamaza! Ulinipaka mafuta miezi mitatu bila kuniambia naumwa nini!”

“Nimejua juzijuzi tu, mama, nilipoviona viriba vyako vinanuka ile dawa. Nilimwambia mdogo wangu ang'oe miche yote, akaniuliza kwa nini. Ningemjibu nini?”

Mwenye kitalu aliichukua ile karatasi kutoka chini ya mikono ya mama yake. Maelezo yalikuwa kurasa mbili, na nafasi ya saini ilikuwa wazi. Akaikunja mara moja, akaikunja mara ya pili, akaitia mfukoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

“Afande, niandike mimi,” alisema. “Mimi ndiye niliyeomba neno sumu liondolewe kwenye kibao. Nilihofia wateja.”

Askari wa zamu aliwatazama mmoja mmoja. “Sasa nina watu watatu wanagombea kosa moja,” alisema, “na mahabusu ni moja. Mpelelezi, nisaidie. Naandika nani?”

Mpelelezi alikuwa bado mlangoni, ufunguo wa gari mkononi. Nje kulikuwa na mengi ya kukimbilia: viriba vya kukusanya, udongo wa kufungia kwenye mapipa, hospitali ya kumpeleka bibi. Alitazama faili, ukurasa wa kumi na nne.

“Anza na jina langu,” alisema. “Kisha mwachie msimamizi, ampeleke mama yake akatibiwe mikono.”

Akaweka ufunguo juu ya kaunta. Kiti cha tatu, kile alichosogezewa hapo asubuhi kabla ya mahojiano, kilikuwa bado pale pale ukutani. Akakivuta, akaketi.